Bibi Mwenye Macho Mekundu

Jioni katika vijiji vingi vya Shinyanga utamkuta bibi ameinama mbele ya mafiga, anapuliza moto. Kuni ni za shida, basi anachochea kwa mavi makavu ya ng'ombe. Moshi humwingia machoni mwaka baada ya mwaka, hata macho yakawa mekundu. Wapo walioyatazama macho hayo wakasema: mchawi. Wanawake wazee wengi wa Shinyanga, Geita na Mwanza wamekatwa mapanga kwa neno hilo moja.

Je, bibi huyo ni mtu huru? Siku hizi ukimuuliza kijana uhuru ni nini, atakwambia ni kufanya utakalo. Lugha yetu ina neno lenye busara zaidi: muungwana. Ni mtu asiye mtumwa, na ni huyohuyo mwenye adabu, ajuaye kujizuia. Kasoro ya uungwana wa kale ni kwamba mtumwa hakuhesabiwa. Haki za binadamu zimeubomoa ukuta huo kati ya muungwana na mtumwa: kila azaliwaye ni muungwana, na bibi yule yumo.

Pagumu ni hapa. Mwaka 1976 Serikali ilitaka kukomesha mauaji ya vikongwe. Washukiwa walikamatwa Mwanza na Shinyanga, wakateswa, na baadhi yao wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Januari 1977 Ali Hassan Mwinyi, Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Si yeye aliyewatesa, lakini dhamana ilikuwa yake. Wahenga walisema, Mgala muue na haki yake mpe. Hata anayedhaniwa kumuua bibi ana haki yake, na ninakiri kwamba moyo wangu huchelewa kulikubali hilo.

Miaka michache baadaye Sungusungu, walinzi wa jadi wa vijiji, walianzia pande za Kahama, wakawafukuza wezi wa ng'ombe, na watu wakalala usingizi. Nawaheshimu kwa hilo. Ila katika dagashida, mkutano wao wa hadhara, wapo wanawake waliohukumiwa kwa uchawi bila shahidi yeyote. Wengi wape, tunasema. Lakini wengi hawana ruhusa ya kupewa uhai wa mtu mmoja. Haki za binadamu ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984, na uhai ni mojawapo.

Majiko banifu yanapunguza moshi, nami natamani kila nyumba iwe nayo. Lakini bibi hapaswi kungoja macho yake yawe meupe ndipo aweze kusukuma komeo la mlango wake, alale mpaka asubuhi.