Nani Ameshika Tochi?

"Kama kweli unanipenda, ingia."

Ndivyo nilivyomwambia mchumba wangu mwezi wa nane mwaka jana, tukiwa mbele ya uwazi wa Jiwe la Pomonda, pale Liuli. Mzee mwenye mtumbwi alikuwa ameshughulika na kamba zake. Mchumba ameshika viatu mkononi, macho ameyakaza gizani. Akasema, "Mimi nikusubiri hapa hapa. Wewe nenda, ukirudi utanisimulia." Nikacheka, nikamwambia hayo maneno. Naye, mpenzi msomaji, akaingia.

Tangu siku hiyo nina swali ambalo halinipi usingizi: hivi mtu ana haki gani ya kumtia mwenzake hofu kwa ajili ya starehe? Sisemi hofu ya kumwonya mtoto asicheze na moto. Nasema starehe. Hofu ya kununua, ya kuchekea baadaye.

Kwanza nieleze tulifikaje pale. Mimi ni mtu wa Liparamba, kule mpakani na Msumbiji. Kwetu hofu haihitaji nauli. Mahindi yakikaribia kukomaa unakesha shambani na debe la kugonga, maana tembo wa kwenye pori la akiba hawapigi hodi. Mtoni kuna mamba. Kijana wa kwetu akikwambia haogopi giza, ujue huyo analala mapema. Bibi yangu nilipomweleza kwamba ziko nchi watu wanatoa fedha zao ili wakatishwe, aliniuliza swali moja tu: "Kwani hao hawana mashamba?"

Wanayo, Bibi, au wengine wanayo, na bado wanalipa. Mchezo wenyewe unaitwa chumba cha kutoroka. Ulianzia Kyoto, Japani, mwaka 2007, kwa mtu aitwaye Takao Kato, halafu ukasambaa dunia nzima. Mnaingia chumbani wawili, watatu au zaidi, mlango unafungwa, mnapewa kama dakika 60. Ndani kuna mafumbo: namba zimefichwa nyuma ya picha, ufunguo umo ndani ya kitabu kilichotobolewa. Mkifumbua yote mnatoka washindi. Basi wakaja wajanja wakaongeza vitisho. Taa zinazimika zenyewe, kuna maiti ya plastiki, damu ya rangi, na mtu aliyeajiriwa kujificha kabatini na kuguna. Nilianza kuyaona mambo haya kwenye simu nilipokuwa Mbinga kwa kaka yangu. Kilichonivuta hasa hakikuwa hayo madamu. Ilikuwa ni wale wapenzi wawili wawili. Karibu kila mara mmoja anaingia kifua mbele, mwingine amejikunyata nyuma yake akilia "twende zetu". Na sisi watazamaji tunamcheka huyo wa nyuma.

Sasa msiseme haya ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Tulipokuwa wadogo tulikuwa na banda la video. Kiingilio unampa mtu mlangoni, unakaa kwenye benchi la mbao, mnabanana. Humo ndimo nilimoiona Nsyuka, ile picha ya mizimu ya Mussa Banzi iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 2000. Jamani, niliogopa! Wiki nzima nilikuwa naenda chooni na mdogo wangu kama mlinzi. Na wiki iliyofuata nilirudi bandani nikalipa tena. Kwa hiyo swali la Bibi lilikuwa linanihusu mimi mwenyewe, sema tu sikuthubutu kumwambia.

Lakini nikumbushe jambo moja la banda lile. Mlango wake ulikuwa pazia la turubai. Picha ikichacha unainuka, unasema unaenda kukojoa, unakaa nje na wauza karanga mpaka mayowe yapoe. Hakuna aliyekuuliza mbona kibofu chako kinajaa kila mzimu akitokea. Hiyo ilikuwa heshima kubwa ambayo watoto tulipeana bila kufundishwa na mtu.

Wako wataalamu waliolichunguza jambo hili. Huko Denmark, katika mji wa Vejle, kuna jumba la vitisho lililowekwa kwenye kiwanda cha samaki kilichoachwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus waliwafunga wageni 110 vifaa vya kupima mapigo ya moyo, wakawarekodi pia kwa kamera, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2020. Waliona kwamba hofu ikiwa ndogo mno mtu hapati raha, na ikizidi mno pia hapati raha; utamu uko katikati. Ni kama pilipili kwenye dagaa. Sawa, nakubali. Lakini wale 110 walikuwa wameingia jumba la vitisho wakijua wanakwenda kutishwa. Mimi pilipili nilikuwa naitia kwenye sahani ya mtu mwingine, halafu namtazama usoni.

Maana lazima niseme ukweli wote. Naandika riwaya. Ni riwaya ya kutisha, daftari la tatu sasa, na wahusika wangu walikuwa wanaogopa kwa namna moja tu: "nywele zilimsimama". Nilichoka na nywele kusimama. Nilitaka kumwona mtu halisi akiogopa, karibu, nisikie hata pumzi yake. Vyumba vya kutoroka kwetu hakuna. Nikakumbuka Pomonda.

Wajerumani waliiita Liuli Sphinxhafen, bandari ya Sphinx, kwa sababu jiwe hilo lililoko majini waliliona limefanana na lile sanamu la Misri. Wenyeji husimulia kwamba zamani za vita watu walikuwa wakijificha humo ndani. Usiku wa kabla ya safari nilimsimulia mchumba hadithi hiyo, nikaiongezea mizimu ya kwangu mwenyewe. Nilikuwa naandaa chumba.

Tuliingia. Nilikuwa na tochi ya simu. Tulipofika mahali ambapo ilibidi tufuatane mmoja nyuma ya mwingine, nikageuka, nikawa kati yake na mwanga wa nje. Nikazima.

Nilitegemea apige kelele. Hakupiga. Alinishika mkono, kucha zikazama, akaanza kuvuta pumzi kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Mimi nikaanza kuhesabu kimoyomoyo. Nilitaka kufika 30. Kwenye 12 hivi akasema, "Washa." Kwenye 20 akasema, "Washa, tafadhali," kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, sauti ya mtoto mdogo. Na mimi, msomaji, nilifika 30.

Tulirudi pwani kimya. Mzee wa mtumbwi alituangalia, akaniangalia mimi peke yangu, asiseme neno. Jioni tukiwa tumekaa mchangani ndipo mchumba akanieleza. Alipokuwa na miaka saba ndugu mmoja aliyekuwa akimlea alimfungia ghalani, kwenye magunia ya kahawa, tangu mchana hadi usiku, kwa kosa la kupoteza fedha ya sukari. Panya walikuwemo. Nikamwambia, "Jamani, mimi nilikuwa sijui." Akajibu, "Ndiyo. Hukuuliza."

Rafiki zangu niliowasimulia wengi walinitetea. Si mchezo tu? Na mbona aliingia kwa miguu yake mwenyewe? Hoja hii ya miguu nimeitafakari sana. Ni kweli sikumbeba. Lakini nilikuwa nimeweka penzi letu mlangoni, kama mtu anayeweka rehani. Angekataa, angekuwa amekataa kuingia pangoni na papo hapo amekubali kwamba hanipendi. Kukubali kwa namna hiyo ni kukubali gani? Mwenye duka akikwambia nunua hiki au nakuvunjia heshima mbele za watu, hata ukitoa fedha mwenyewe mfukoni, sidhani kama tunaweza kuiita biashara.

Na hiyo "mchezo tu" nayo ina kisa chake pale pale Liuli. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Kiingereza Guendolen, ya nahodha Rhoades, ilitokea Sphinxhafen ikaanza kuipiga mizinga meli ya Kijerumani Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani, Berndt, alikuwa rafiki yake Rhoades, walikuwa wakinywa pamoja. Habari za vita zilikuwa hazijamfikia. Akapanda kimashua akamfuata mwenzake huku akifoka: vipi, umelewa? Kumbe mwenzake hakuwa amelewa. Akachukuliwa mateka. Siku hizi watu wakisimulia kisa hicho wanacheka, na mimi nilikuwa nacheka. Lakini nikifikiri vizuri, pale palikuwa na watu wawili katika tukio moja, mmoja akijua ni vita, mwingine akidhani ni utani wa rafiki. Pangoni tulikuwa vile vile, ila tulibadilishana nafasi. Mimi ndiye niliyedhani ni utani.

Halafu kuna habari ya Poland. Tarehe 4 Januari 2019, katika mji wa Koszalin, wasichana watano wa miaka 15 waliingia chumba cha kutoroka kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mmoja wao. Moto ukazuka upande wa nje wa chumba chao. Hapakuwa na njia ya dharura. Wote watano walikufa kwa hewa ya sumu. Baada ya hapo serikali ya huko ilikagua vyumba vya namna hiyo na kuvifunga vingi. Nilipoisoma habari hii niliiweka simu chini. Walichokuwa wamelipia watoto wale ni mlango unaojifanya umefungwa. Walichopewa ni mlango uliofungwa kweli. Kwa nje milango hiyo miwili inafanana kabisa, na anayeijua tofauti ni yule mwenye kuishughulikia. Pale Pomonda mwenye mlango nilikuwa mimi. Mwili wangu ndio uliokuwa mlango.

Wakati mwingine nafikiri pia juu ya wale wa zamani, waliojibana humo wakisikiliza nyayo. Kwao giza lilikuwa rafiki, mwanga ndio ulioleta mauti. Sijui wangesemaje wakituona sisi tunaingia kwa kicheko. Huenda wangefurahi kwamba wajukuu wana nafasi ya kucheza. Sipendi kuwasemea.

Dada yangu ana mawazo tofauti, na ni haki niyaandike. Anasema nimeanza kumfanya mchumba kama yai. Kila kitu "usiogope", "tusiende huko", "nikushike mkono". Anasema mtu mwoga naye ana haki ya kujaribu, na kumzuilia mlango kwa huruma ni kuuziba vile vile. Nilikasirika, kisha nikaona ana neno. Ni kweli kwamba kumlinda kwangu kulikuwa kumeshaanza kuninogea, jinsi kumtisha kulivyoninogea. Katika yote mawili shujaa alikuwa mimi.

Mwezi wa kwanza mwaka huu mchumba mwenyewe akasema, "Twende tena Liuli." Nikashangaa. Akanipa masharti: tochi anashika yeye, tena tochi ya betri mpya, na mimi nakaa nje, pembeni, si mlangoni. Nikakaa kwenye mtumbwi na yule mzee. Safari hii mzee alinipa muhogo wa kuchoma. Mchumba akaingia hatua tano au sita, tukaona mwanga ukizunguka kwenye kuta, ukapanda juu, ukashuka. Kisha akatoka. Akasema, "Ni mawe tu," akapanda mtumbwini. Nilitamani kumwambia bado hajafika ndani kabisa, kuna sehemu nzuri mbele. Nilijaza mdomo muhogo.

Makala haya ameyasoma kabla yenu. Nilimpa pamoja na kalamu, nikamwambia akate anachotaka, kwani ile hofu niliyoihesabia pangoni ilikuwa mali yake. Amekata sentensi moja, ile iliyoeleza alichokisema gizani baada ya "washa, tafadhali". Nilimwomba aiache, nikamweleza kwamba bila hiyo kisa kinapungukiwa. Akasema, "Kipungukiwe tu." Basi haimo humu, na nimeifuta hata kwenye daftari.