Kanga Isiyosomeka

Harusi ya dada yangu ilifanyika Tanga mwaka 2004. Mpiga picha za video alituletea nakala mbili za DVD, moja ya nyumbani na moja ya shangazi wa Mombasa. Karibu na mwisho wa diski ile ipo sehemu ambayo ukoo mzima huiulizia. Bibi yetu anainuka mkekani, anakunjua kanga mpya na kumfunika dada mabegani. Hasemi neno, kanga ndiyo inayosema. Ujumbe ulikuwa umeandikwa juu ya pindo la chini, na tulipoitazama diski kwenye televisheni ya sebuleni ulisomeka vizuri. Wanawake walipiga vigelegele, basi. Hakuna aliyeona haja ya kuyaandika maneno yale mahali.

Bibi alifariki mwaka 2011. Miaka miwili baadaye deki yetu iliharibika, nikaamua kuhamishia harusi kwenye kompyuta. Kazi hiyo niliifanya jioni moja, kwa pupa. Naieleza hapa hatua kwa hatua kwa sababu makosa yangu ni ya watu wengi, na mengine hayarekebishiki.

Programu niliyotumia ilikuwa na orodha ya mipangilio iliyo tayari. Nilichagua wa simu, kwa kuwa kadi yangu ya kumbukumbu ilikuwa ndogo na nilitaka harusi ikae mfukoni. Diski ya saa mbili, yenye karibu gigabaiti 4, ikatoka faili la megabaiti 180. Nilifurahi kuliona limekuwa jepesi namna ile. Nikalifungua kwenye simu, nikaona watu wanacheza, nikasikia ngoma, nikalifunga. Sikulitazama hata dakika moja, tena kwenye kioo kidogo kuliko kiganja. Diski nikaitia kwenye boksi la vitu visivyo na kazi.

Mwaka jana binti yangu alichumbiwa. Siku ya harusi ile ya Tanga alikuwa mtoto wa kubebwa. Akanijia na ombi moja: "Mama, nataka kanga yenye maneno yale yale ambayo Bibi alimpa mama mdogo. Yalisemaje?"

Nilimuuliza dada, akasema alikuwa analia, hakusoma. Nikamuuliza mama, akataja methali moja, kisha akasita, akataja nyingine. Nikafungua lile faili kwenye laptopu. Sura ya Bibi ilikuwa imejaa chenga. Macho yake yalikuwa madoa mawili ya kijivu. Pindo la kanga lilionekana, na juu yake, mahali pa maneno, palikuwa na mstari mweusi uliovurugika kama wino uliomwagikiwa maji.

Nilidhani ukungu ule ni uchafu wa kupangusa. Nikalipitisha faili kwenye programu nyingine, nikaliagiza kwa ukubwa wa 1920 kwa 1080, nikaliita jina jipya lenye herufi HD. Likatoka likiwa na karibu gigabaiti 2. Chenga zilikuwa palepale, zimelainika tu. Zaidi ya hayo, Bibi alikuwa amenenepa, kwa sababu picha ya umbo la televisheni ya zamani, 4 kwa 3, nilikuwa nimeivuta ijaze kioo kipana cha 16 kwa 9.

Fundi mmoja kijana, mtu mpole, ndiye aliyenielewesha. DVD za huku kwetu hufuata mfumo wa PAL: nukta 720 kwa mistari 576, yaani zaidi ya nukta 414,000 katika kila picha. Mpangilio wa simu niliouchagua ulikuwa wa 320 kwa 240, nukta 76,800 tu. Katika kila nukta tano nilikuwa nimetupa nne na ushee. Nilipolikuza faili, kompyuta haikuwa na mahali pa kuzitoa zile zilizotupwa, ikabaki kukisia kwa kuchanganya rangi za nukta jirani. "Dada, herufi ambazo hazimo kwenye faili hakuna programu ya kuzirudisha," aliniambia. "Ikiwa diski ipo, tuanze nayo upya."

Nikaitafuta diski. Mama alinisikiliza ninavyohangaika na maboksi, kisha akanishika mkono, akanitoa nje hadi kwenye kitalu cha mchicha. Zilikuwepo diski sita zimetungwa kwenye kamba, zinazunguka na kumetameta, kufukuza ndege. "Si ulisema hazina kazi tena, mwanangu?" Ya tatu bado ilikuwa na mwandiko wa kalamu ya wino mzito: Harusi, 2004.

DVD ya kurekodiwa nyumbani au studio ndogo huhifadhi picha kwenye tabaka la rangi maalumu, na rangi hiyo haipatani na jua. Ile ilikuwa imepauka, tena imekwaruzwa na vumbi. Kompyuta iliizungusha, ikaguna, ikaitema.

Tulisalimika kwa rehema tu. Shangazi wa Mombasa alikuwa bado na nakala yake, ndani ya kasha, kabatini, gizani. Alinikabidhi kwa mikono miwili, nikaileta Tanga kwa basi nimeipakata.

Safari hii tulikwenda taratibu. Kwanza tuliifuta diski kwa kitambaa laini, kutoka katikati kwenda ukingoni, bila kuzungusha mkono. Pili, kabla ya kubadilisha chochote, tulinakili folda nzima ya VIDEO_TS kama ilivyo, pamoja na faili zake zote za VOB. Nakala hiyo ilichukua gigabaiti 4 na ubora haukupungua hata chembe. Hiyo ndiyo asili yetu mpya, na kila jaribio lililofuata lilifanywa juu yake, si juu ya faili lililokwisha kubanwa. Kila kubana kunatupa kitu. Ukibana kilichobanwa, unatupa mara mbili.

Ndipo tukatengeneza faili jepesi kwa HandBrake, programu ya bure. Vipimo tuliviacha kama vya diski, hatukukuza wala kuvuta. Badala ya kuilazimisha itoe megabaiti kadhaa tulizozitaka sisi, tuliipa kiwango cha ubora kisichobadilika. Kwa DVD, namba kati ya 18 na 22 hufaa, na kadiri namba inavyoshuka ndivyo ubora unavyopanda.

Hata hivyo, Bibi alipoitikisa kanga kuikunjua, herufi zilichanika vipande, pembeni zikatokeza meno kama ya kitana. Nikahisi nguvu zinaniishia. Fundi akaeleza kwamba picha za namna hii zilitengenezwa kwa ajili ya televisheni za zamani: mistari 288 ya witiri huonyeshwa kwanza, kisha 288 ya shufwa, nusu 50 kwa sekunde. Kompyuta huzionyesha nusu zote mbili kwa pamoja, na kitu kinachokwenda kinakuwa kimeshasogea kati ya nusu ya kwanza na ya pili. Wapo wanaotibu kwa kutupa nusu moja, wakabaki na picha butu. Dawa nzuri ni kichujio cha kuondoa mistari hiyo kwa kuzioanisha nusu zote mbili, nacho kimo humo humo kwenye programu. Hutumika pale meno yanapoonekana tu. Picha isiyo na meno ukiichuja, unaiumiza bure.

Tulijaribu dakika mbili za kanga peke yake kabla ya kungoja saa mbili zote. Nikasimamisha picha. Binti alisogeza uso hadi karibu aguse kioo, akasoma kwa sauti, neno kwa neno: "Nyumba njema si mlango."

Mama alifunika mdomo kwa ncha ya mtandio wake. Mimi nilifikiria lile faili langu la pili na jina lake la HD.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu, na katika jambo hili mjukuu ni mimi. Kwa hiyo nawasihi wenye diski za harusi, maulidi na mazishi kabatini: nakili kwanza asili nzima, ndipo ubane. Faili jipya litazame mwanzo, kati na mwisho, kwenye kioo kikubwa, ukitafuta kitu kidogo chenye maandishi au sura ya mtu aliye mbali. Visiposomeka, rudi kwenye diski ukiwa bado unayo. Na ukiridhika, usiitupe diski. Irudishe kwenye kasha lake, mbali na jua.

Yetu imerudi Mombasa kwa mwenyewe. Nakala ya asili iko kwenye diski mbili za kompyuta, moja kwangu, moja kwa dada. Na maneno ya kanga, safari hii, nimeyaandika kwa kalamu nyuma ya kadi ya mwaliko ya binti yangu.