Samaki Katika Kioo

Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki, na watu wakastaajabu kuwatazama nyuma ya vioo. Leo wengi hufuga samaki nyumbani. Hata wale wa Ziwa Tanganyika hupelekwa Ulaya.

Je, huruma peke yake yatosha kumtunza kiumbe? Sisi tulidhani yatosha. Kila samaki wetu walipokaribia kioo, tuliwatupia chakula, wakafa wote. Baadaye tukajua sababu. Samaki hutoa amonia, nayo ni sumu, na mabaki ya chakula yakioza huizidisha. Ziwani maji ni mengi, na vijidudu visivyoonekana kwa macho huigeuza sumu hiyo. Bali katika chombo kipya vijidudu hivyo huhitaji majuma kadhaa kuongezeka.

Basi, amwondoaye samaki ziwani amejitwika kazi ya ziwa. Mungu alipompa mtu kuwatawala samaki wa bahari, hakumpa ruhusa ya kuwatawala pasipo maarifa. Na sisi wazazi yatupasa kujiuliza: je, twawapa watoto wetu wanachohitaji, au kile kitupendezacho sisi kutoa?