Maumivu ya Lazima

Mgonjwa aliyezibika utumbo hupitishwa mpira puani hadi tumboni. Mpira huo humfaa. Lakini njiani humchoma pua, humkaba koo, humtoa machozi. Je, wema wa tendo wasamehe maumivu yake? Husemwa kwamba dharura haingoji. Ni kweli kwa mtu anayekata roho. Si kweli kwa kila mgonjwa. Ganzi ya lidokeini, iliyoundwa Uswidi mwaka 1943, ikipuliziwa puani na kooni hupunguza ukali huo kwa dakika chache tu. Ulazima husamehe maumivu yasiyoepukika; yale yaepukikayo hubaki deni. Tabibu anyimaye dakika hizo hakuokoa wakati. Ameununua kwa mateso ya mwenziwe. Aliyelala hana nguvu ya kudai. Kwa hiyo haki yake ni amana mikononi mwa aliyesimama.