Zisome Plagi Zako Kwanza



Kwaresima hii gari ya baba ilianza kumisi. Ukisimama kwenye foleni, injini inatetemeka kama mtu mwenye homa. Mimi nilifanya nini? Niliongeza sauti ya redio. Si bado inakwenda? Injini ya plagi nne, moja ikigoma, tatu zinaendelea kuisukuma. Ila mafuta yasiyoungua yanatokea kwenye ekzosi, na ukizidi kuendesha hivyo unaharibu na vingine.

Jumamosi moja mjomba akaja na spana ya plagi. "Hii tunafanya wenyewe hapa hapa." Tukasubiri injini ipoe, tukachomoa koili, tukapuliza vumbi ili lisidondokee kwenye silinda, tukafungua plagi. Nikataka kuzitupa niweke mpya. Mjomba akanishika mkono: "Wewe! Zisome kwanza."

Akazipanga kwenye gazeti. Tatu zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka kwenye ncha. Hizo zimechoka tu, akasema, injini yake ni nzima. Moja ilitoka imelowa oili. Sili ya kava ya juu ilikuwa imekwisha, oili inavujia kwenye shimo la plagi. "Ukiweka mpya bila kuziba inakotoka oili, mwezi ujao tutakuwa hapa tena."

Rafiki, nilinyamaza. Nilikuwa na miaka miwili sijaungama. Misa nakwenda, kwaya naimba: plagi tatu zinafanya kazi. Ile moja niliijua. Mimi na kaka yangu hatuongei tangu tulipogombana kuhusu pesa. Na hata zamani nilipoungama, nilisema haraka haraka "nina hasira, nina uongo", napewa malipizi, natoka. Sikuwahi kuuliza oili inatoka wapi.

Kanisa linatuagiza kuungama dhambi kubwa walau mara moja kwa mwaka. Lakini kabla ya kupiga magoti kuna kutafiti dhamiri, na wengi tunakuruka. Yule mwana mpotevu wa Luka 15 hakuanza kwa kutembea. Alianza kwa kuyatafakari maisha yake pale pale kwa nguruwe, akayataja makosa yake moyoni, ndipo akainuka kurudi kwa baba.

Na padre usimwogope. Fundi gani anashtuka akiona plagi chafu?

Gari haikuwashwa siku ile, mjomba alikwenda kwanza kutafuta sili. Nami nikampigia kaka. Nikasema, "Shikamoo kaka." Kimya. Kisha akaitikia, "Marahaba." Hatujamaliza yote, lakini jioni ile niliingia kwenye kitubio nikiwa na la kusema, kwa jina lake. Baadaye tuliweka plagi mpya, tukianza kuzizungusha kwa vidole ili nyuzi zisiharibike, spana ikafuata taratibu. Gari ikawaka, imetulia.

Wiki hii chukua karatasi. Andika dhambi ile unayoirudia, na chini yake andika inatoka wapi. Zima redio kwanza.

Tusali: Ee Bwana, utupe ujasiri wa kutazama ndani, na imani kwamba huruma yako ipo hata pale palipolowa. Amina.