Je, Bomu la Zamani Limekufa?

Wapo wanaojiandaa kurudi nyumbani wakisema mabomu ya zamani yameshaliwa na kutu, hayana nguvu tena. Si kweli. Kutu hula chuma cha nje. Baruti ya ndani hudumu, na kiwashio kilichochakaa huweza kulipuka kwa kuguswa tu. Kule Ypres, Ubelgiji, kombora la vita ya 1914–1918 liliua wafanyakazi wawili mwaka 2014. Basi yale ya Kisangani, ya siku sita za Juni 2000, tuseme yamezeeka?

Sasa swali. Mtu ameliona bomu shambani kwa jirani, akapita kimya. Hakulirusha yeye. Ana hatia? Kutoka 21:33-34 inamdai aliyeacha shimo wazi. Mpita njia haikumtaja. Wengine hunyamaza kwa kuogopa kuhojiwa na askari, na hofu hiyo si ya bure. Lakini aliyelirusha ameshaondoka zamani. Anayejua lilipo ni huyu mmoja, na mtoto anayeokota vyuma vya kuuza hajui. Kwangu mimi, deni limemhamia.

Usiliguse wala kulitupa mtoni. Rudi kwa njia uliyojia, ukamwambie mzee wa kijiji siku hiyohiyo.