Yatima wa Kujitakia

Kwa wiki mbili niliua wazazi mara tano. Mara ya kwanza kwa moto, ya pili kwa joka, ya tatu kwa tauni. Mara ya tano sikujali hata kutoa sababu. Niliandika tu: "Alibaki peke yake duniani." Nikafuta.

Hao walikuwa wazazi wa mhusika wangu, mpiga upinde wa kubuni. Kama hujawahi kucheza Dungeons & Dragons, ni mchezo uliotoka Marekani mwaka 1974. Mmoja wenu anasimamia hadithi, wengine kila mtu ana mhusika wake, na dadu ya pande 20 ndiyo inaamua kama mshale umepata au umekosa. Sisi tuko wanne. Watatu wako Nairobi, na mimi niko Tulia, Kitui, kwa susu yangu, tangu kodi ya nyumba ilipokuwa kubwa kuliko mapato. Tunacheza kwa simu usiku, stima na bando vikikubali. Lakini kabla ya kuanza, lazima uandike historia ya mhusika wako: ametoka wapi, na nini kilimtoa kwao.

Hapo ndipo nilikwama. Na mimi ninakula kwa kuandika! Mteja ambaye sitawahi kumwona akitaka maneno 1,000 kuhusu magodoro, anayapata kabla chai yangu haijapoa. Ila aya moja ya mtu wangu mwenyewe ilinishinda.

Mwishowe nilimtumia msimamizi wetu toleo la joka. Jibu lilikuja baada ya dakika mbili: "Huyu msee hana mtu. Sasa nitamsumbua na nini?"

Nilikasirika, halafu nikaanza kuhesabu. Batman ni yatima. Harry Potter ni yatima. Frodo pia. Ukikaa na wachezaji wa michezo hii utakutana na mayatima wengi kuliko wahunzi. Tunasema ni kwa sababu uchungu hufanya mhusika awe na kina. Mimi sasa naona sababu nyingine: wafu hawaulizi maswali. Ukishawazika wote, hakuna wa kukuuliza ulikuwa wapi, fedha ulifanyia nini, na mbona hukupiga simu. Unabaki na huzuni, na huzuni haina mdai.

Linganisha na Fumo Liyongo. Shujaa kama yeye hakuna, lakini alipofungwa, nguvu zake hazikumtoa. Mama yake alioka mkate wa wishwa akaficha tupa ndani. Walinzi waliona wishwa wakadharau, mkate ukamfikia, akakata minyororo. Bila mama, hadithi inaishia gerezani. Na aliyekuja kumwua ni mwanawe mwenyewe. Watu wake ndio waliomwokoa, na watu wake ndio waliommaliza. Hakuna joka linaloweza kufanya hivyo.

Huku kwetu pia kuna mfano. Mwaka 1849 mmisionari Mjerumani, Krapf, alifika Kitui na kupokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu ambaye misafara yake ilifika mpaka pwani. Mwaka 1851 wakaondoka pamoja kuelekea mto Tana. Njiani walivamiwa, Kivoi akauawa. Krapf alitoroka peke yake, akibeba maji ndani ya mtutu wa bunduki. Shuleni tunasimuliwa hii kama habari ya safari. Kinachonishika mimi ni kilichofuata: ilibidi arudi kwa watu, na jamaa za Kivoi wakamlaumu kwa kifo kile. Kunusurika ilikuwa nusu ya safari. Nusu nyingine ilikuwa kusimama mbele ya watu wanaouliza, "Mwenzako yuko wapi?"

Nikaona kosa langu. Nilikuwa namwuliza mhusika wangu, "Nini kilikupata?" Swali hilo linaomba ajali, na ajali humfanya mtu asiwe na hatia. Nikabadilisha: Nani anakungoja? Una deni la nani? Ni swali gani hutaki kuulizwa?

La tatu lilinifanya niweke simu chini.

Kwa sababu mimi niliacha chuo mwaka wa tatu, na susu nilimwambia wahadhiri wamegoma. Huo mgomo wangu ulikuwa na miezi saba. Kila jioni akichambua ndengu alikuwa akiuliza kama wamekubaliana, nami najibu bado wanaongea. Kumbe historia ya kubuni nilikuwa nimeshaiandika zamani, tena bila kukwama, na mhusika alikuwa mimi.

Sisemi kila mtu arudi kwao. Kuna nyumba ambazo kuzikimbia ndiyo akili, na kuna mayatima wa kweli ambao hawakuchagua. Ninaongea na sisi wa kujitakia, tunaofuta watu walio hai kwa sababu kuwapenda kunakuja na hesabu. Je, tuna haki ya kujitungia maisha mapya? Nadhani tunayo, lakini si kwa kuwafuta tunaowadai fadhila. Kuanza upya bila kuaga ni kutoroka deni tu.

Jumapili nilimwambia. Hakupiga kelele. Aliendelea kupepeta kwa muda mrefu, kisha akauliza jambo moja: "Na zile mbuzi mbili?" Aliziuza zote muhula wangu wa kwanza.

Sikuwa na jibu. Bado sina, ingawa magodoro yakiendelea kulipa, mbuzi mmoja anaweza kurudi kabla ya mvua za Novemba.

Usiku ule niliandika aya nzima bila kusimama. Mpiga upinde wangu alikuwa mpagazi kwenye msafara ulioshambuliwa. Alirudi peke yake, akapita njia ya nyuma ili asionane na mjane wa kiongozi wake. Mama yake yu hai, na anamdai mbuzi wawili.

Msimamizi alijibu: "Sawa. Tunaanzia kwa mjane."